Dole Gumba la Mama

Nimeziloweka stakabadhi tangu jana alfajiri:
beseni la buluu, ndoo tatu za maji ya Mitema,
na hapa Newala ndoo ni ndoo.
Bi Asumini amechungulia uani, akaguna:
"Maji ya kunywa, wewe unayanywesha makaratasi?"

Yana kiu, Bi Asumini. Tazama yanavyofura.

Miaka tisa nilivaa koti jeupe kiwandani, Nyanda za Juu,
kazi yangu kukodolea darubini kile kinachobaki
mti ukishapikwa kwa magadi na mvuke,
lignini, gundi yake ya hudhurungi, ikamwagwa:
uzi mfupi kuliko punje ya mchele,
mrija mtupu, ukuta juu ya ukuta,
na katika ukuta mnene kuliko zote
nyuzinyuzi zimezunguka kwa mshazari
kama kamba iliyosokotwa na mtu mwenye haraka.

Ila mambo yote yako kwenye ngozi.
Ngozi ya uzi imejaa vishikizo vya oksijeni na haidrojeni
vinavyopenda maji kutushinda sisi wa foleni ya bomba.
Tena ina chaji hasi, kidogo tu,
basi majini uzi humsukuma mwenziwe
mpaka utie shabu. Nimetia kipande,
kile kile alichojipaka baba kidevuni baada ya wembe.

Kaka yangu Nandonde amepiga simu kutoka Masasi:
"Usizitwange! Huenda siku moja tukalipwa."
Nimemwekea moja, aisubirie.
Nyingine zimeingia kinuni.

Mchi ukitua, uzi haukatiki, unachunika,
unaota ndevu, na kwa ndevu hizo
utamshika jirani.
Hakuna gundi. Maji yanapoondoka,
tone la mwisho huvuta uzi kwa uzi
hadi ngozi iguse ngozi, na vishikizo vinashikana.
Ni kukaribiana tu, na kukauka pamoja.

Lakini uzi uliowahi kukauka hausahau.
Vitundu vya ukutani vikishafunga,
ulaze majini mwezi mzima,
hautafura kama mara ya kwanza.
Kiwandani tulisema: umekuwa pembe.
Nyumbani hatukuwa na neno, tulikuwa na baba,
karani wa chama cha msingi,
aliyekauka mara moja tu,
msimu ambao malipo ya pili hayakuja
na watu waliwekeana zamu kumsimamia mlangoni.
Masika yalikuja mengi baada ya pale.

Kwa hiyo nimechanganya mkonge wa Kikwetu,
nyuzi ndefu, ngeni, zisizojua deni,
na uji mwepesi wa wanga wa muhogo.
Nimechota kwa wavu wa dirisha,
nikaanika juu ya bati.

Karatasi saba. Za kijivu, zina mabaka ya wino,
ukizitikisa zinalia.
Nimezipima kama tulivyopima kule: tone moja, jicho kwenye saa.
La kwanza limezama kabla sijasema mbili.
La pili vivyo hivyo.
Kwenye karatasi ya nne, karibu na pembe,
tone limekataa.

Limekaa juu, duara, limejibeba.
Chini yake doa la rangi ya chai, upana wa dole.

Mama alikuwa mbanguaji.
Mafuta ya ganda la korosho yalimla vidole
mpaka mistari ikafutika, na sabuni haikuyaweza.
Baba alimwonyesha mstari kama alivyomwonyesha kila mkulima,
"Gonga hapa,"
akagonga, wino na mafuta pamoja.

Najua. Kinu kilipaswa kulisambaza doa lile;
kemia haina huruma na watoto wa watu.
Huenda kipande kimoja kilimkwepa mchi.
Huenda ni mafuta ya taa tu.

Nimehesabu hadi mia na arobaini.
Bi Asumini amevuka uzio, ameinama, kanga imegusa bati.
"Hilo angalau," amesema, "halijanywewa."